Kamera Uwanjani

Kijana, umewahi kwenda uwanjani na kamera, ukapiga picha arobaini, zote zikatoka ukungu mtupu? Usikimbilie kulaumu kamera. Tuchukue mfano wa mpira wa pete.

Kamera ina kilango kinachofunguka kupokea mwanga. Kikibaki wazi kwa 1/60 ya sekunde, mchezaji anakuwa ameshasogea, ndiyo maana ya ule ukungu. Weka 1/500, na kwa anayeruka 1/1000. Kasi hiyo inataka mwanga mwingi, kwa hiyo usingoje jua lizame. Kwa simu, piga mfululizo, na usogee karibu badala ya kuvuta kwa vidole. Kuvuta kunaharibu picha.

Halafu jua sheria za mchezo. Aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima autoe ndani ya sekunde 3. Basi akishadaka tu, wewe jiweke tayari! Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kila timu, tena wakiwa ndani ya duara. Kaa nyuma ya mstari wa goli, pembeni, umelipa jua mgongo, hatua kadhaa nje ili usigongane na mwamuzi.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Nilipiga magoti nikampiga dada mmoja akiruka. Picha safi: uso, mpira, vidole. Ila sketi ilikuwa imepanda, na mimi sikuiona, macho yangu yalikuwa kwenye mpira. Nikaibandika ubaoni. Wavulana wakacheka weee, na yule dada hakuonekana mazoezini wiki mbili. Niliibandua, nikamwomba radhi, lakini waliokwisha kuiona walikwisha kuiona.

Siku hizi nasimama, kamera usawa wa macho ya wachezaji. Kabla ya mechi naomba ruhusa kwao na kwa mwalimu wa michezo (kama shule yenu hairuhusu simu, mwulize huyo huyo kuhusu kamera). Baada ya mechi wanaziona picha kwanza wao. Akisema mtu "hii futa," nafuta mbele yake, simwulizi sababu. Mchezaji akiumia, kamera chini, naita mwalimu.

Yule dada alirudi. Picha ya ubaoni alichagua mwenyewe: amekaa benchi, anafunga kamba za viatu, anacheka.