Kisu Hakiondoi Maradhi

Ndugu Waislamu, mvua kubwa zilipofurika Garissa mwishoni mwa 1997, na tena mwishoni mwa 2006, mbuzi na kondoo waliharibu mimba kwa wingi, na watu wakafa kwa homa ya Bonde la Ufa.

Wako wasemao: mnyama mgonjwa na achinjwe upesi asije akawa mzoga. Ni kweli kuwa aliyechinjwa si mzoga. Lakini kisu hakiondoi maradhi. Damu yake humwambukiza mchinjaji, na mbu nao huyaeneza. Dini iliyotukataza mzoga ndiyo iliyotukataza kujidhuru.

Dalili zake ni homa ya ghafula, maumivu ya kichwa na ya maungo. Wengi hupoa, baadhi hutokwa na damu, au hupofuka, au hurukwa na akili. Haina dawa yake makhususi. Basi mwenye homa aende hospitali mapema, aeleze kuwa aligusa mifugo.

Kinga ni hii: tusichinje mnyama mgonjwa, tuchemshe maziwa, nyama iive, tulale ndani ya chandarua, na mifugo ichanjwe kabla ya mvua. Nasi watu wa Mwambao, tununuapo mbuzi wa huko, tuulize: amekaguliwa?

Wabillahi tawfiq.