Kufundisha Umbali, Mwendo na Muda kwa Safari ya Ndege

Katika mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimkagua aliwapa watoto wa darasa la sita hesabu hii: ndege yaenda mwendo wa kilometa 600 kwa saa, itachukua muda gani kutoka Uwanja wa Kilimanjaro hadi Dar es Salaam, umbali wa kilometa 450? Jibu lilikuwa dakika 45. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akasema kuwa tiketi ya mjomba wake ilionyesha saa moja na robo. Aliambiwa akae, kwani jibu limo kitabuni. Akakaa, wala hakunyoosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Mtoto yule hakukosea, na kitabu nacho hakikukosea. Tofauti ya dakika 30 ndiyo iliyostahili kufundishwa.

Anza na ramani. Kwa skeli ya sentimeta 1 kwa kilometa 50, mstari ulionyooka kati ya viwanja hivyo viwili una urefu wa sentimeta 9 hivi. Kisha watoto walaze uzi juu ya barabara ipitayo Moshi, Same, Segera na Chalinze. Wataona kuwa umbali unakaribia kilometa 600, maana barabara huizunguka milima, nayo ndege hukata moja kwa moja.

Halafu rudi kwenye jambo wanalolijua. Kutoka hapa Tengeru hadi Arusha mjini ni kilometa 13 hivi. Daladala likienda kilometa 60 kwa saa lingefika kwa dakika 13. Waulize kama limewahi kufika kwa dakika hizo! Wenyewe watakutajia vituo, abiria wanaoshuka na foleni ya mjini. Usiwatajie wewe.

Ndege nayo ina mambo yake. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kiwanja cha pili. Ndani ya muda huo hutembea ardhini kwa utaratibu, hupanda juu ikiwa bado haijafikia mwendo wake kamili, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Pengine hulazimika kuzunguka ili iuelekee uwanja vizuri, au kungoja zamu yake.

Sasa andika ubaoni saa za tiketi, kwa mfano kuondoka 09:50, kufika 11:05. Hapa uwe mwangalifu sana, kwa kuwa makosa ni mengi kuliko katika kugawanya. Kwanza, saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. 09:50 ni saa 3:50 asubuhi kwa saa zetu. Pili, wengi watatoa 9.50 kutoka 11.05 na kupata 1.55, kwa sababu wamekopa 100 badala ya 60. Chora uso wa saa, wahesabu dakika 10 hadi saa nne kamili, kisha saa moja na dakika 5.

Mwisho wagawanye 450 kwa saa 1¼. Watapata kilometa 360 kwa saa, na bila shaka mmoja atauliza mbona ndege imekuwa ya polepole. Mwachie yule mtoto mwenye tiketi amjibu.