MAUMIVU YA SHAVU LA MGUU: SOMO KWA WACHUMAJI WA CHAI

Ndugu mkulima, mashamba mengi ya chai huku Kabianga yako miteremkoni. Mchumaji husimama kutwa, mguu mmoja juu na mwingine chini, kikapu mgongoni. Kisha hubeba majani kwenda kituoni. Usiku shavu la mguu humuuma, na asubuhi hukanyaga kwa shida. Lakini chai haingoji: jani lisipochumwa kwa zamu yake hukomaa, na kituoni hukataliwa. Basi yafaa tujifunze dawa ya mikono.

Asili yake

Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa. Wa nje huanzia juu ya goti, wa ndani huanzia chini ya goti, nayo huungana katika ukano mmoja ulioshika kisigino. Tukipanda, misuli hii huinua mwili. Tukishuka, huuzuia usiporomoke. Ikichoka hukaza, na mahali padogo huwa pagumu kama punje ya hindi. Ukipaminya, maumivu huenda mbali: ya msuli wa nje hufika upinde wa wayo, ya msuli wa ndani hufika kisiginoni. Dakta Janet Travell, aliyemtibu Rais Kennedy wa Marekani, alieleza mafundo haya pamoja na Dakta David Simons katika kitabu chao. Juzuu ya miguu ilitoka mwaka 1992. Wataalamu wangali wakibishana juu ya kinachotukia ndani ya fundo.

Tazama kwanza

Usichue mguu mmoja uliovimba, wenye joto au uliobadilika rangi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hii huzidi kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, na kwa aliyelala kitandani siku nyingi. Nenda hospitali siku ile ile. Kifua kikiuma au pumzi ikikatika, usingoje hata saa moja. Tena, ukisikia mlio nyuma ya kisigino, ukashindwa kusimama kwa vidole, huenda ukano umekatika: nenda hospitali.

Namna ya kuchua

1. Keti, weka kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya shavu la mguu dakika kumi.
2. Paka mafuta kidogo. Kanda polepole toka kisigino kuelekea goti. Usiminye shimo lililo nyuma ya goti.
3. Ukipata fundo, liminye kwa kidole gumba sekunde 30 hata 60. Maumivu yawe ya kuvumilika, nayo yapungue. Yakizidi, acha.
4. Simama, shika ukuta, peleka mguu nyuma, kisigino chini, goti limenyooka. Hesabu 30. Kisha kunja goti kidogo, hesabu tena 30. Rudia mara tatu.

Fanya hivi jioni. Shambani, badilisha mguu wa juu kila baada ya muda. Usipopata nafuu baada ya wiki mbili, uliza fiziotherapia katika hospitali ya Kericho au iliyo karibu nawe.

Maswali

1. Kwa nini kisigino huuma hali fundo liko juu?
2. Ni mguu gani usiochuliwa kamwe?
3. Fundo huminywa kwa muda gani?