Je, dawa ya rangi huharibu figo za mzee?

Msomaji mpendwa, tuseme wewe unafanya kazi mjini Mombasa, na nyanya yako mwenye umri wa miaka 88 anaishi Tezo, kaskazini mwa mji wa Kilifi. Ghafla anashikwa na maumivu makali ya tumbo. Daktari anaagiza apigwe picha ya CT kwa dawa ya rangi, na papo hapo jamaa mmoja anasema: "Msikubali, itamharibia figo." Mtafanya nini?

Jina la dawa hii lisikudanganye, kwani haina rangi yoyote. Ni maji maangavu yenye iodini yanayodungwa mshipani. Iodini huzuia miale ya eksirei, na hivyo mishipa ya damu na viungo vya ndani huonekana wazi pichani. Kisha figo huitoa dawa hiyo katika mkojo.

Hofu ya watu ina asili yake. Dawa za zamani zilikuwa kali zaidi, na kila figo za mgonjwa zilipodhoofika baada ya picha, lawama iliangukia dawa. Lakini mgonjwa mahututi huweza kudhoofika figo hata asipodungwa kitu. Mwaka 2020, chama cha wataalamu wa eksirei cha Marekani pamoja na shirika la figo la nchi hiyo, National Kidney Foundation, walieleza kwamba hatari hiyo ilikuwa imetiwa chumvi. Walioonywa hasa ni wale ambao figo zao zimeshuka chini ya kiwango cha 30, au zimeumia hivi karibuni.

Kiwango hicho ni kipi? Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo. Hapa ndipo wengi hukosea. Mzee ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake huweza kuonekana nzuri ilhali figo zimechoka. Kreatinini ya 110 kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ni sawa na kiwango cha figo cha 80 hivi. Kwa nyanya wa miaka 88, kreatinini hiyo hiyo ni kiwango cha 40 hivi! Basi usiridhike ukiambiwa "damu ni sawa." Uliza kiwango kilichokokotolewa pamoja na umri.

Kabla ya picha, fanya haya:

1. Uliza kama dawa ya rangi inahitajika. Picha ya kwanza ya kichwa kwa aliyepooza ghafla mara nyingi hupigwa bila dawa hiyo.

2. Taja dawa zote anazotumia, hata za dukani na za mitishamba. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hubana figo. Anayetumia metformini kwa kisukari amweleze daktari, kwani huenda akaambiwa aiache kwa saa 48. Usimwachishe dawa ya shinikizo la damu kwa hiari yako.

3. Asifike akiwa amekaukiwa na maji, hasa kama ameharisha au kutapika. Mwenye figo dhaifu huweza kutiwa maji ya dripu. Mwenye ugonjwa wa moyo asilazimishwe kunywa maji mengi, yasije yakajaa mapafuni.

4. Kama kiwango kiko chini ya 30, damu ipimwe tena baada ya siku mbili au tatu. Akipungukiwa na mkojo au akivimba miguu, mrudishe hospitali mara moja.

Ikiwa daktari anashuku utumbo umekosa damu, mshipa mkubwa umepasuka, au damu imeganda mapafuni, kila saa ina thamani. Hapo hata mwenye figo dhaifu huenda akahitaji picha hiyo, kwa kuwa ugonjwa usioonekana utamwua kabla ya figo kuchoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, miaka 88 peke yake si sababu ya kumnyima mzee kipimo. Uliza kiwango cha figo, uliza picha inatafuta nini, kisha mwamue pamoja na daktari.