Duara linalotoka kama yai

*Nakata vibao vya duara vya sentimita 10 kwa rauta. Vinatoka kama yai, na kipande kikikaribia kuachana huruka. Nakosea wapi? — Kijana wa Keko*

Mkono wako hauna kosa. Kitovu cha duara ndicho kinachocheza. Funga plaiwudi chini ya kitako cha rauta, piga humo msumari mwembamba usiotikisika, uingie tundu linalobana katikati ya kibao. Kwa biti ya milimita 6, pima milimita 53 toka msumari hadi katikati ya biti: 50 za nusu kipenyo cha duara, 3 za nusu ya biti. Bandika kazi kwa tepu ya pande mbili juu ya ubao chakavu, hairuki tena. Shusha biti milimita 3 kila mzunguko, ukizungusha rauta kinyume cha saa. Biti ikitetemeka hata baada ya kukazwa, zima mashine, mwone fundi wa beringi.