SOMO LA NNE: NAULI YA MKAAZI NA GHARAMA YA KUISHI KISIWANI



Anayeishi Unguja, Pemba au Mafia anajua kwamba bahari ina bei yake. Saruji, mafuta, dawa na sehemu kubwa ya mchele tunaokula hupakiwa upande mmoja, hushushwa upande mwingine, na kila mkono ulioshika mzigo hulipwa. Hata umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kwa sababu hiyo, punguzo analopewa mkaazi si jambo dogo, na kulipoteza kwa kutojua ni hasara ya bure.

Punguzo hilo ni nini?

Boti ziendazo kati ya Dar es Salaam na Unguja zina nauli mbili: ya mgeni, na ya mkaazi, ambayo ni ndogo zaidi. Utaratibu kama huo upo pia kwenye viingilio vya baadhi ya vivutio, kama vile msitu wa Jozani. Nauli ya mkaazi si hisani ya mkata tiketi. Ni bei iliyotangazwa, na mwenye kustahiki hapaswi kuibembeleza.

Namna ya kulinda punguzo lako

1. Beba kitambulisho halisi: Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, Kitambulisho cha Taifa, au kingine ambacho kampuni imetangaza kukipokea. Hakikisha muda wake haujapita.
2. Nunua tiketi dirishani au kwa wakala anayetambulika. Kishoka wa bandarini akikuuzia tiketi yenye jina la mtu mwingine, unaweza kuzuiwa langoni na fedha zako zisirudi.
3. Kabla ya kulipa, uliza nauli ya mtoto, uzito wa mizigo unaoruhusiwa bila malipo, na masharti ya kubadili siku ya safari.
4. Soma tiketi papo hapo: jina, tarehe, daraja na kiasi ulicholipa. Itunze mpaka safari iishe.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi hawasafiri kwa matembezi. Mama anayempeleka mgonjwa hospitali Dar es Salaam, akisahau kitambulisho nyumbani, huenda akatakiwa kulipa nauli ya mgeni kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya matibabu.

Punguzo lina mpaka

Nauli ya mkaazi humpunguzia abiria, lakini haiupunguzii mzigo. Tuchukue mfano wa kubuni. Gunia la mchele ni shilingi 120,000 Dar es Salaam na shilingi 130,000 Unguja. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 60,000. Usafirishaji na wapagazi ni shilingi 4,000 kwa kila gunia. Anayenunua gunia moja anaokoa shilingi 10,000 kwenye bei, lakini anatumia shilingi 64,000. Amepata hasara ya shilingi 54,000. Kila gunia humwachia shilingi 6,000 tu, hivyo anahitaji magunia 10 ili arudishe nauli, bila kuhesabu ushuru ukiwapo. Majirani wakichangishana na kumtuma mmoja wao, hesabu hubadilika. Kwa mlaji aliye peke yake, duka la mtaani laweza kuwa ndilo rahisi.

Ukinyimwa haki

Omba uelezwe sababu, kisha andika saa, dirisha na kiasi ulichotozwa. Usiitupe stakabadhi, pasipo karatasi, dai lako hubaki maneno matupu. Wasilisha malalamiko kwanza kwa msimamizi wa kampuni, na usiporidhika, kwa chombo cha kumlinda mlaji cha upande ulionunulia tiketi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani.

Zoezi

Chukua tiketi yako ya mwisho. Orodhesha kila ulicholipa tangu mlangoni kwako hadi ulipofika: daladala, nauli, mizigo, mpagazi. Je, nauli ilikuwa sehemu gani ya jumla hiyo? Mlaji anayeijua jumla yake hadanganywi na punguzo, wala halipotezi lililo lake.