Maradufu ya Nini?

Wakulima wenzangu, kabla hatujaanza somo la mwezi huu, mtu mmoja nyumbani na alete mfuko au chupa yoyote ya mbolea mliyo nayo, tuisome pamoja.

Juzi mama mmoja wa skimu alifika ofisini na chupa sita za busta ya kunyunyizia majani. Kila moja imeandikwa kwa herufi kubwa: "Asilia", "Teknolojia Mpya", "Nguvu Maradufu". Mahindi yake yamefika magotini, naye alikuwa amekata shauri asinunue CAN msimu huu. Nikamwuliza, "Mama, maradufu ya nini?" Hakujua. Mwenye duka naye, alipoulizwa, hakujua.

Neno "maradufu" lisilotaja kitu kinachopimwa si kipimo. "Asilia" nalo halikuambii mmea utapata chakula kiasi gani. Hata mchanga wa mtoni ni wa asili.

Sasa tazameni herufi ndogo. Hapo kuna tarakimu tatu, kama 17-17-17. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosfeti, ya tatu potashi, na kila moja ni kiasi kwa mia. CAN ina naitrojeni 26 kwa mia. Basi mfuko wa kilo 50 una kilo 13. Chupa za yule mama ziliandikwa 5-5-5, uzito kilo 1. Tano kwa mia ya kilo moja ni gramu 50. Tukapiga hesabu kwenye karatasi: ili apate naitrojeni ya mfuko mmoja wa CAN, angehitaji chupa 260. Naye alikuwa na sita! Na tani moja ya mahindi, yaani magunia 11 hivi ya kilo 90, huondoa shambani naitrojeni kama kilo 15.

Sisemi busta zote ni hila. Mmea uliopungukiwa na zinki husaidika upesi ukinyunyiziwa majani, kwa maana zinki huhitajiwa kidogo sana. Naitrojeni si hivyo.

Chombo kisicho na tarakimu wala jina la mtengenezaji, msikinunue. Kwa dawa za wadudu, tafuteni nambari ya usajili ya PCPB, na mzihesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna, hata kama chupa imeandikwa "Salama".

Yule mama alirudisha chupa tano, mwenye duka akazipokea kwa kunung'unika. Ya sita ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Fedha alizorudishiwa amenunulia CAN, na ameitia kabla mahindi hayajapita magoti.